Tulivyokwenda Kutafuta Ulimi wa Chai

Wenzangu wa kikundi, kila nikikaa barazani anapita mmoja wenu na swali lake. Mmoja anataka habari za jogoo wa Ikungi. Mwingine kasikia nilimtukana mke wa mtu Manyoni. Mama Joshua anauliza kama ni kweli tulionekana kilabuni mchana kweupe. Bi. Rukia naye anawasimulia kwa namna yake, na katika masimulizi yake mimi nazidi kuwa mjinga kila wiki. Basi naandika, msome wote kwa pamoja.

Sababu ya safari mnaijua, ila naiweka kwa ajili ya waliojiunga juzi. Sisi akina mama wa Mandewa hununua chai ya jumla kwa gunia, tukaifunga kwenye pakiti ndogo na kuiuza. Gunia la mwisho, tuliloletewa kutoka Manyoni, lilikuwa na harufu ya sabuni. Hatukugundua mpaka tulipoipika kwenye msiba wa jirani, ambako mzee mmoja alisema mbele ya watu kwamba chai hii ingefaa zaidi kufulia shati. Pakiti zikaanza kurudishwa. Kwenye kikao hakuna aliyebisha: tukikosea tena, kikundi kimekufa. Alitakiwa mtu wa kuonja kabla hatujabeba. Mkanichagua mimi kwa kuwa ndiye niliyewahi kunusa gesi ikivuja kwa Mama Joshua, na mkampa Bi. Rukia kazi ya kunisindikiza kwa kuwa anajua kusema. Tulikuwa tumesikia habari za mama mmoja wa Ulemo, Bi. Tabitha, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kuonjea chai cha kiwanda huko Nyanda za Juu Kusini, na sasa amestaafu na kurudi kwao. Huyo ndiye tuliyemfuata.

Mandewa hadi Ulemo

Basi lilikwenda vizuri mpaka Iguguno. Hapo likakohoa, likasimama, na dereva akaingia chini yake na miguu yake ikabaki nje. Kondakta alitutuliza kwamba ni kitu kidogo tu. Baada ya muda naye akaingia chini, tukawa tunatazama miguu minne. Bi. Rukia alitandika kanga kivulini, akafungua mfuko wake, na hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amefungasha kuku mzima wa kukaanga kwa safari ya asubuhi moja. Alisema yeye huwa haamini magari. Tulikula pamoja na familia moja iliyokuwa ikienda Shelui, na tulipomaliza kuku miguu ilikuwa bado minne.

Mwishowe likapita lori lililokuwa linakwenda kubeba vitunguu. Dereva alikuwa na nafasi moja mbele. Bi. Rukia akataja magoti yake, akaipata. Mimi nikapanda nyuma, juu ya lundo la mifuko mitupu ya vitunguu, na kwa kuwa barabara ilikuwa na upepo nilijifunika mfuko mmoja kichwani. Sikufikiria lolote. Mtu anayekwenda kujifunza kunusa angefikiria.

Ulemo tulishuka penye maduka. Bi. Rukia akauliza vijana waliokuwa wakicheza bao kama wanamfahamu muonjaji. Wakaangaliana, wakamtazama alivyojistiri kwa baibui lake, wakasema ndiyo, wanamfahamu sana, mzee Msengi. Nikawaambia sisi tuliambiwa ni mwanamke. Mmoja wao akasema labda walituambia vibaya, hapa muonjaji ni mmoja tu, na akatuelekeza nyumba yenye mlango wa bluu.

Uani kwa mzee Msengi palikuwa na mitungi iliyofunikwa kwa nyungo, na wazee wamekaa kwenye vigoda. Tuliamkia, shikamoo zetu zikaitikiwa moja moja kwa utaratibu mpaka zikaisha. Kisha mzee Msengi, aliyekuwa mrefu na mwenye kofia ya sufu, akamuuliza Bi. Rukia kwa upole:

"Mmeiweka kwenye nini?"

"Tumeiweka nini, baba?"

"Pombe. Ni ya harusi au ya kulimia?"

Nilimwona Bi. Rukia akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akaufikia ukuta. Mzee yule alikuwa muonjaji kweli. Anayepika pombe ya mtama kwa shughuli humletea kwanza yeye, akisema bado, ni bado, na hakuna anayebisha. Alidhani tumetoka mbali kwa sababu ya sifa zake, na kwa kweli alifurahi. Nilipomweleza kwamba sisi tunatafuta chai, alisikitika kwa ajili yetu. Alinikaribisha kata moja nionje hata hivyo, kwa kuwa ulimi ni ulimi. Nikamwambia Bi. Rukia ndiye kiongozi wa msafara, siwezi kumtangulia, na Bi. Rukia hajanisamehe jibu hilo mpaka leo.

"Mnayemtaka ni Tabitha," mzee akasema. "Hayupo. Binti yake kajifungua, amekwenda kumwangalia."

Nikauliza ni wapi.

"Huko huko mjini kwenu. Unyambwa."

Unyambwa, wenzangu. Ningetoka Mandewa na kapu kichwani ningefika kabla jua halijawa kali. Bi. Rukia alikaa kwenye kigoda cha karibu bila kukiangalia, katikati ya wazee wa kilabu, na hapo ndipo alipopita yule binamu yake Mama Joshua anayefanya biashara ya alizeti. Sasa mnajua alichokiona na kwa nini.

Ulemo hadi Unyambwa

Tulilala kwa dada yake Bi. Tabitha, mama mkarimu ambaye hakuuliza maswali mengi, na kesho yake tukarudi tulikotoka. Basi halikuharibika. Tulipita Iguguno, tukaliona lile la jana bado liko pale pale, limefunguliwa boneti.

Unyambwa tulibisha hodi kwenye nyumba yenye nepi zimeanikwa mbele. Akatoka mama mfupi, mweusi, wa miwani, amembeba kichanga begani. Nikafungua mdomo nitoe shikamoo. Akainua mkono, akavuta pumzi mara mbili kwa pua.

"Nani kati yenu ni kitunguu?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mwalimu wetu. Sikuruhusiwa kuingia ndani. Nilioga bafuni uani, nguo zangu zikaanikwa mbali upande wa upepo, na somo langu la kwanza la chai nililipata nikiwa nimevaa kanga ya mzazi na fulana ya mume wake yenye picha ya mpira.

Bi. Tabitha alipanga vikombe vyeupe kwenye meza, akaita binti yake alete dumu la maji ya mvua alilokuja nalo kutoka Ulemo. Binti akaitazama kamba ya nepi. Kisha akasema lile dumu limebaki nusu, kwa sababu maji yake yanatoa povu zuri na amefulia nepi. Bi. Tabitha alifumba macho. Alisema miaka yote kiwandani hakuna aliyewahi kumfanyia kitendo hicho, na hawakuwa hata ndugu zake. Nilidhani anakuza mambo mpaka alipotuonyesha. Alichukua chai ileile, akaipika kikombe kimoja kwa maji ya mvua na kingine kwa maji ya kisima, haya haya yetu ya Singida yenye magadi. Cha kwanza kilikuwa chekundu na kinang'aa. Cha pili kilikuwa kama maji yaliyooshewa sufuria, na juu yake pana utando. Bi. Rukia alishikilia kwamba hizo ni chai mbili, na ya pili imechanganywa. Ilibidi achote majani mwenyewe na kumimina mwenyewe ndipo akanyamaza.

Halafu ikaja kuonja. Hutii sukari, hutii maziwa, hutii tangawizi. Unachota kwa kijiko, unakifikisha mdomoni na kuivuta kwa nguvu ili itawanyike mpaka nyuma ya ulimi na harufu ipande puani. Unaizungusha, unaisikiliza, unaitema kwenye ndoo. Mimi nilichota nikanywa kama nilivyolelewa.

"Usinywe kama uko ukweni," akasema Bi. Tabitha. "Fyonza."

Nikafyonza, chai ikaniingia puani, nikapiga chafya mezani. Lakini Bi. Rukia, ambaye maisha yake yote amekatazwa kunywa kwa sauti, tangu kwa mama yake mpaka kwa mume wake, alifyonza mara moja tu na kichanga kikaamka chumbani. Bi. Tabitha alimwangalia kwa heshima. Alisema kiwandani watu walikaa miezi wakitafuta mvuto huo. Tatizo ni kwamba Bi. Rukia alikataa kutema. Alisema hawezi kutema chakula cha Mungu kwenye ndoo, akawa anameza kila kijiko, na kufikia jioni alikuwa anaongea haraka mpaka hatukumwelewa, na usiku hakufumba jicho.

Tulikaa pale siku kadhaa. Nilijifunza kwamba chai inayokaza ulimi na ufizi ina ukakasi, na ukakasi si ubaya mpaka uzidi. Nilijifunza uzito, yaani jinsi inavyokaa mdomoni, kama ni nyepesi kama maji au inajaza. Nilionja chai iliyoungua kwenye moto wa kukaushia, chai iliyochumwa wakati wa baridi ambayo inanukia kama maua, chai ya kijani ambayo kwangu ilikuwa mchicha, na chai iliyokaa ghalani mpaka ikabaki na ladha ya gunia. Bi. Tabitha alisema chai ni kama mtoto wa jirani, ukiiweka karibu na kitu inakiiga. Ikilala na sabuni inaamka sabuni. Siku mbili za mwanzo sikujua lolote na nilikuwa najibu kwa kumtazama usoni. Ya tatu aligeuza kiti akanipa mgongo. Hapo nikaanza kuonja.

Hakuweza kutufuata Manyoni, tulikokuwa tunakwenda kuchagua gunia jipya, kwa sababu ya mzazi. Alitupa maji ya mvua yaliyobaki, dumu dogo la lita tano, na neno moja mlangoni: "Ukiwa hujui, sema hujui. Kule kwetu waliofukuzwa ni wale waliobahatisha."

Unyambwa hadi Ikungi

Ndani ya basi nilipakata dumu kama mtoto. Mama aliyekaa upande wa pili aliniangalia muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni maji ya baraka na yametoka kwa mtumishi gani. Nikamwambia ni ya chai. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelewa kwamba mambo mengine hayasemwi ndani ya basi, akainama na kuniomba niyaguse tu magoti yake. Nilimtazama Bi. Rukia anisaidie. Bi. Rukia akasema mguse, itamsumbua nini. Nikamgusa. Alishuka Puma akitembea vizuri zaidi yangu.

Ikungi tulishuka ili tumsalimie shangazi yake Bi. Rukia, Bi. Mwamvua, mama wa heshima sana, ambaye ukipita bila kumwona habari zinafika mjini kabla yako. Alitupokea sebuleni, akatutandikia mkeka mpya, na wakwe zake wawili walikuwepo. Ikaletwa chai na mihogo ya kuchemsha.

Niseme ukweli, sikukusudia. Nilikuwa nimefyonza na kutema siku nzima nzima, mwili ulikuwa umezoea. Nilipopokea kikombe nilivuta kwa ile sauti, nikaizungusha, nikageuka mlangoni nikaitema nje. Jogoo wake alikuwa anapita. Alipiga kelele akakimbilia kwa jirani akiwa amelowa.

Bi. Mwamvua hakukasirika kwa maneno. Aliinuka, akakichukua kikombe changu mikononi mwangu, akakinywa chote mbele yetu mpaka tone la mwisho, akakigeuza juu chini ili wakwe waone. Ndipo nilipoelewa. Alidhani nimeogopa sumu.

Nilipiga magoti. Bi. Rukia alieleza kila kitu, Ulemo, Unyambwa, ndoo, na safari hii namshukuru kwa kujua kusema. Bi. Mwamvua alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umefunzwa," akaniambia. "Haya. Chai yangu ina kasoro gani?"

Ningeweza kusema haina. Lakini alikuwa ananitazama, na ladha ilikuwa bado ipo mdomoni. Nikamwambia, shangazi, ina sabuni.

Wakwe wakainamisha vichwa. Bi. Mwamvua akaenda jikoni, akarudi na pakiti, akaiweka juu ya mkeka. Ilikuwa pakiti yetu, yenye jina la kikundi chetu. Bi. Rukia ndiye aliyempelekea zawadi.

"Mimi huwa naiosha kwanza," akasema. "Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Alianza kucheka yeye, na wakwe wakapata ruhusa. Jogoo hakurudi mpaka tunaondoka.

Ikungi hadi Manyoni

Duka la Bwana Shabani, aliyetuuzia lile gunia la sabuni, liko karibu na soko. Ni mtu mpole, mnene, anavaa kanzu safi, na kila kitu anacho: misumari, dawa za kuku, vitenge, chai. Tulipomweleza habari za sabuni alishangaa kweli. Alisema anauza chai miaka na miaka na hajawahi kulalamikiwa, chai ni chai, na kama tunataka gunia lingine tuchague, yote ni sawa. Nikaomba nione yanapolala. Akatupeleka stoo. Magunia matano ya chai yalikuwa yamesimama ukutani, na mawili ya mwisho yameegemea katoni za sabuni za kufulia kwa upendo kabisa.

Nikamwambia anuse. Akanusa, akasema hasikii kitu. Nikamuuliza chai yake ya nyumbani huitoa gunia lipi.

"Mimi sinywi chai, mama. Inaniletea kiungulia."

Hapo watu walikuwa wameanza kusimama mlangoni. Bwana Shabani hakuwa na hasira, ila alikuwa na wasiwasi wa mfanyabiashara mbele ya wateja wake. Akasema vizuri, kama kweli najua, yeye atapika vikombe vinne nyuma ya pazia, nimwambie vipi ni vizuri na vipi ni vibaya. Nikishindwa, tubebe gunia atakalotupa na tusirudi na maneno. Nikiweza, anatubadilishia lile baya. Bi. Rukia akakubali kabla sijafikiri, akampa dumu la maji ya mvua.

Vikombe vikaja. Nilifyonza cha kwanza, watu wakacheka kwa sauti, nikasubiri wanyamaze. Kilikuwa kizuri, kina uzito, kinakaza kidogo. Cha pili, sabuni. Cha tatu nilionja mara tatu. Nilitaka sana kiwe na tofauti, maana kila mtu anangoja tofauti, na nikaona uso wa Bwana Shabani hausemi kitu, nikageuza kiti nikampa mgongo. Nikaonja tena.

"Hiki cha tatu na cha kwanza ni kimoja," nikasema. "Gunia moja."

Nyuma yangu nikasikia Bwana Shabani akishusha pumzi. "Ni kweli," akasema.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mkubwa. Lakini palikuwa na cha nne, na kichwa kilikuwa kimeshavimba. Nikaonja, nikatangaza kwamba hiki ni chai ya zamani, imelala, haina maisha, hata ng'ombe asipewe. Pazia likafunguliwa. Alikuwa mke wa Bwana Shabani, na ile ilikuwa chai yake mwenyewe, aliyoletewa na kaka yake kutoka Tukuyu, anayowapikia wageni wa heshima tu. Aliniambia nirudie nilichosema kuhusu ng'ombe. Nikajaribu kusema sijui, kama nilivyofunzwa, lakini ilikuwa imechelewa. Bi. Rukia alitumia muda mrefu zaidi kumtuliza mama yule kuliko tulioutumia kwenye magunia yote.

Bwana Shabani alitimiza neno lake. Alitupa gunia jema, na akaniomba nimwonjee yaliyobaki ili ajue la kuuza na la kutupa. Nilifanya hivyo mpaka ulimi ukafa ganzi. Katoni za sabuni zilihamishiwa upande wa misumari. Alinisindikiza hadi stendi akiniuliza, kwa aibu kidogo, chai ina ladha gani hasa. Nilijaribu kumweleza. Sidhani kama niliweza.

Manyoni hadi Issuna

Gunia lilifungwa ndani ya buti la basi, sisi tukapata viti vya mbele. Issuna basi likasimama ili watu wachimbe dawa na kununua karanga. Kando ya barabara alikuwepo mama mmoja na chupa kubwa za chai na vikombe vya plastiki. Tulikuwa tumeonja chai siku nyingi lakini hatukumbuki lini tuliinywa, kwa hiyo tukaagiza viwili.

Bi. Rukia akavuta funda moja. Akashusha kikombe.

"Mama," akamwambia muuzaji, bila ubaya, "maji haya hayakuchemka."

Nikaonja na mimi. Hayakuchemka. Yalipata joto tu, majani yakatiwa haraka, ndiyo maana chai ilikuwa na rangi bila kuwa na kitu ndani.

Yule mama alituangalia, mmoja kisha mwingine. Nilingoja atutukane, na angekuwa na haki.

"Najua," akasema. "Kuni zilikuwa mbichi. Sikujua kama kuna mtu atajua."

Akachukua chupa zote mbili, akazimwaga kwenye majani nyuma yake, chai yote, akainama kupuliza moto. Akatuomba tungoje. Dereva alipiga honi. Nikamtazama Bi. Rukia. Mama yule alikuwa amepiga magoti, moshi unamwingia machoni, anapuliza, na mtu hawezi kumfanya mwenzake amwage chai yake yote halafu akapanda gari. Honi ikapigwa tena. Bi. Rukia akavuta benchi, akakaa.

Basi likaondoka na gunia letu.

Bi. Rukia akampigia simu mwenyekiti, akamwambia apeleke watu stendi ya Singida wapokee gunia, ni zuri, asiwe na wasiwasi, sisi tutakuja na gari lingine. Mwenyekiti wetu mnamjua, sauti yake inasikika hata simu ikiwa sikioni kwa mwingine. Aliuliza tumepatwa na nini. Bi. Rukia akasema tunakunywa chai. Mwenyekiti akauliza ni chai gani hiyo ya kuachia basi.

Mama wa Issuna alikuwa ndiyo kwanza anatumiminia. Bi. Rukia akakipokea kikombe, akafyonza kwa sauti yake yote, akafikiri.

"Iliyochemka," akamjibu.